Chupa Iliyofunguliwa Kabla ya Siku Yake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, nikiwa peke yangu ndani ya gari kwenye foleni ya kutoka Landover, hapa Maryland, masikio yananipata moto. Unanijua mimi ni mtu wa kuchekesha. Nikisema nimevua samaki, jua amekuwa nyangumi. Nikikusimulia theluji ya mwaka fulani, nitakuapia kwamba tulitokea dirishani kwenda kazini. Lakini hii ya leo sitaitia chumvi, maana kidonda chenyewe hakijafunga vizuri. Najua pia kwamba utanijibu kwa Kiingereza. Nijibu tu. Ila nisikilize kwa Kiswahili, kwa sababu aibu hii niliifanya kwa Kiswahili.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba kama ufagio. Mchana nilipakua masanduku katika ghala moja hapo Landover, jioni nikaenda shule ya watu wazima kutafuta cheti nilichokikosa nyumbani Vihiga. Darasani nilikuwa wa kwanza. Yaani wa kwanza kufika, maana basi langu liliwahi. Na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza maneno mawili matatu makubwa, nilijiona profesa wa kila kitu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kutoka Landover mpaka Sterling.

Wakati huo nilikuwa nimempenda msichana mmoja muuguzi, Wanjiru, ambaye leo nyinyi vijana wa hapa mnamwita Mama Neema. Baba yake, Mzee Njoroge, alikuwa mkulima wa majani chai huko Kangema, upande wa Murang'a. Alikuja kumtembelea bintiye kwa majuma mawili tu, na akakubali kwamba mazungumzo ya posa yafanyike hukuhuku, Jumapili ya mwisho kabla hajapanda ndege. Wazazi wangu walikuwa wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyesimama upande wangu kama baba na msemaji alikuwa Mzee Barasa wa Oxon Hill, mtu wa kanisa letu, aliyezeeka akitunza wazee wenzake katika nyumba zao.

Sasa shika jambo hili, maana hadithi yote imekaa juu yake. Kwa watu wa Wanjiru, siku ya posa wazee huletewa kinywaji, njohi, kikiwa hakijaguswa na mtu. Binti huitwa mbele ya watu wote na kuulizwa, "Hiki kilicholetwa, tukinywe?" Akikubali, yeye ndiye hukifungua, huonja kwanza, kisha humpa baba yake kwa mkono wake. Baba akishameza, neno limekamilika. Nyumbani kilikuwa kinywaji cha asali. Hapa Maryland, asali ya kuchachusha utaitoa wapi? Wazee wakakubaliana kwamba wiski nzuri itashika nafasi yake.

Mzee Barasa ndiye aliyeichagua. Jumapili moja kabla ya siku yenyewe aliniita kwake baada ya ibada.

"Ezekieli, wiski unaijua?"

"Naijua sana, Mzee. Nimekunywa za kila aina."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimekunywa chang'aa mara mbili maishani, na ile mara ya pili nilipoteza kiatu.

Alitoa chupa yake mwenyewe, iliyokwisha kunywewa nusu, akanimiminia kidogo katika bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Nikaigugumia yote kwa mkupuo mmoja, kiume. Machozi yalinitoka kama nimefiwa. Mzee Barasa alicheka hadi akashika meno yake ya bandia yasianguke.

"Umemmeza mgeni kabla hujamkaribisha kiti!" akasema. "Hii ni single malt, kijana. Ni shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, kule Uskoti. Imelala ndani ya pipa miaka kumi na miwili. Imekungoja miaka kumi na miwili, na wewe huwezi kuingoja dakika mbili?"

Akanifundisha. Alikuwa amejifunza kwa mzee mmoja Mmarekani aliyemtunza, mtu aliyependa kunusa wiski kuliko kunywa dawa. Kwanza, itazame rangi. Pili, usitumbukize pua kama unachungulia kisima. Ilete karibu, acha mdomo wazi kidogo, vuta hewa polepole. Nikavuta. Mwanangu, nilidhani ananidanganya, lakini asali niliinusa kweli. Halafu tofaa lililoiva. Halafu kitu kama uji unaoanza kuchemka jikoni kwa mama. Kisha akachukua kijiko cha chai, akadondosha matone matatu ya maji. "Hatuizimui," akasema, "tunaiamsha." Nikachukua tone dogo, nikalizungusha ulimini kama alivyoniambia, nikameza, nikatoa pumzi puani. Ule moto wa kwanza haukuwapo. Ulikuja utamu, kisha ukali kidogo kama wa tangawizi, kisha joto lililokaa kifuani kimya, bila fujo, kama mtoto aliyelala.

"Unaona?" Mzee akasema. "Zipo nyingine, za visiwani kwao, shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji, udongo mweusi wanaouchoma kama kuni. Ukizinusa utadhani hospitali imeungua. Hizo zina watu wake. Hii haina moshi. Ni ya upole, ya mwanafunzi na ya mkwe. Bilauri moja, basi. Ya pili inakuja na ulimi wa mtu mwingine."

Kisha akanipa chupa mpya, ya aina ileile, imefungwa karatasi yake ya kung'aa shingoni. Kwenye lebo alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa ule mwandiko wake wa kulala: nyumba ya Lugalia, jina la ukoo wetu, na nyumba ya Njoroge.

"Kaa nayo hadi Jumapili. Usiifungue. Chupa hii ina mkono wa mtu mmoja tu."

"Mzee, afadhali nife!"

"Usife," akasema. "Usiifungue tu."

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika yote mawili.

Wiki nzima pale ghalani sikuwa na habari nyingine. Niliwaeleza wenzangu mambo ya shayiri, ya mapipa, ya matone matatu, hadi wakanichoka. Jumamosi, adhuhuri, wawili wakaja kwangu: Dido, Mkongomani wa Lubumbashi, na Sudi wa Unguja, ambaye hagusi pombe na alikuja na soda yake ya tangawizi mkononi. Nje magari yalikuwa yakipiga honi kwenda uwanja wa mpira. Chupa ilikuwa juu ya kabati, nimeivika taulo jeupe kama bwana harusi.

"Zeki," Dido akasema, "juma nzima tunasikia mudomo tu. Profesa bila chupa ni profesa wa nini?"

"Ile ni ya kesho, ndugu yangu."

"Bon. Basi haujui kitu. Unasomaka kwa lebo."

"Mimi? Sijui?"

Sudi akaweka soda yake chini. "We Zeki, hiyo si ndiyo ya posa? Mie nijuavyo, kitu cha posa hakiguswi. Iache kaka."

"Kaa na tangawizi yako, sheikh," nikamwambia. "Hapa kuna darasa."

Nilifikiri nitachukua matone tu. Karatasi ya shingoni niliibandua kwa wembe, taratibu, kama daktari wa upasuaji. Kizibo kilipotoka kililia: pwaa! Nakuambia ukweli, mlio ule niliusikia moyoni, nikajua nimekosa. Lakini Dido alikuwa ameshapiga makofi. Nikawafundisha rangi, nikawafundisha pua, nikahesabu matone. Dido akafumba macho. "Yaya! Hii ni asali na moto ndani yake." Akaniita profesa, safari hii bila kunikejeli. Na sifa, mwanangu, ndiyo pombe kali kuliko zote. Ile ya chupa ni mtoto wake. Nikamimina tena ili niitwe tena. Ulaini wa kinywaji chenyewe ukanisaidia kupotea, maana mlango usio na kufuli mtu huuingia mara nyingi bila kujua. Sudi aliondoka bila kuaga. Jua lilipoanza kuinama, Dido alikuwa anaimba, na ndani ya chupa kulikuwa kumebaki kama kidole kimoja.

Asubuhi ya Jumapili niliamka na kichwa kama ngoma ya jando. Maduka ya pombe katika kaunti yetu siku hizo hayakufunguliwa Jumapili. Na hata kama yangefunguliwa, mwandiko wa Mzee Barasa ningeununua wapi? Nilikaa sakafuni, nikiitazama ile chupa nyepesi. Ningeweza kumpigia simu. Simu ilikuwa mkononi. Ningesema, "Mzee, nimekosa," angenifokea, siku ingeahirishwa au ingepatikana njia. Badala yake nikabandika sufuria jikoni.

Nikapika chai ya rangi, nzito, nikatia kijiko cha asali, nikaipoza, nikaichuja kwa kitambaa, nikaimimina ndani ya chupa ikachanganyika na kile kidole kilichobaki. Rangi ilikuwa ileile! Nikarudisha kizibo, nikaibandika karatasi kwa gundi. Nitakuambia kitu cha kunifedhehesha zaidi: nilifurahia kazi yangu. Nilijipongeza. Nikasema hata fundi wa Uskoti asingeitambua. Nami nilikuwa napeleka chai kwa mtu aliyechuma majani chai miaka arobaini.

Alasiri tulikutana katika ukumbi mdogo chini ya jengo alilokaa Wanjiru. Wazee wa upande wao sita, wa kwetu watano, akina mama jikoni wakigeuza chapati. Mazungumzo yakaenda vizuri, kwa utani na vicheko. Mzee Barasa akasimama, akaisifu chupa yangu, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Wanjiru akaitwa.

"Mama," baba yake akamwuliza, maana Wanjiru alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa Mzee, "hiki kilicholetwa, tukinywe?"

"Kinyweni, Baba," akasema, akitabasamu.

Akatoa karatasi. Ikamganda vidoleni kwa gundi. Akavuta kizibo; kikatoka bila sauti, kama jino bovu. Niliona tabasamu lake likisita. Akamimina, akaonja. Akanitazama, mara moja tu, kisha akatazama bilauri. Mwanangu, nimewahi kutazamwa na askari, na maafisa wa uhamiaji, na daktari mwenye habari mbaya. Hakuna aliyenitazama hivyo. Alikuwa na njia mbili tu: aseme, anipoteze mbele ya watu wote, au anyamaze, amdanganye baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Akageuka, akapiga goti kidogo, akampa baba yake.

Mzee Njoroge akanywa. Wazee wenzake walikuwa wameshanyoosha bilauri zao.

Akainua chupa, akaiweka chini, katikati ya miguu yake.

"Hii," akasema, "ni yangu. Sitaigawa. Nyinyi mtakunywa soda."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

"Alaa! Mzee Njoroge, umekuja Amerika kujifunza uchoyo?"

"Kumbe Murang'a hamgawani!"

"Mwacheni, atakufa na chupa yake!"

Na yeye akacheka nao, akaikumbatia ile chupa kwa vifundo vya miguu kama mtoto aliyepora mandazi. Mzee Barasa alichukizwa kidogo, nilimwona. Maana kunyima wazee kinywaji cha posa si jambo dogo. Mimi nikacheka pia. Nilidhani nimepona.

Watu walipoanza kula, Mzee Njoroge aliniita nje, penye maegesho ya magari, chupa kwapani. Akanimiminia ndani ya kikombe cha karatasi.

"Msemaji wako amesema wewe ni mjuzi. Onja. Niambie unapata nini."

Nikanusa. Nikafungua mdomo niseme asali, niseme tofaa. Nikamrudishia kikombe.

"Basi nitakuambia mimi," akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi. "Majani yamechemka kupita kiasi. Asali imezidi. Na maziwa umesahau."

"Baba, nisamehe."

"Wiski si kitu, Ezekieli. Mimi hata siipendi sana. Ungeniletea chai ukaniita ukasema, 'Baba, nimekuletea chai kwa sababu nimefanya upumbavu,' ningeinywa na tungecheka. Lakini umemlisha binti yangu uongo mbele yangu, na yeye, kwa kukupenda, amenipa. Hajawahi kunidanganya tangu azaliwe. Wewe ndiye uliyemfundisha, na ni siku ya kwanza tu."

Nililia. Akaningoja nimalize.

"Mimi sitasema," akaendelea. "Na nitamwambia Wanjiru asiseme. Acha wanione mchoyo, nitaondoka Jumanne. Lakini nimemeza chai, sikumeza njohi, kwa hiyo neno letu halijakamilika. Utawaambia wazee wale kwa mdomo wako mwenyewe. Siku utakayowaambia, nipigie simu, popote nilipo nitatafuta kinywaji cha kweli na tutakunywa, wewe huku na mimi huko. Sikupi muda. Hukimbizwi na mtu."

Akamwaga chupa yote kwenye nyasi, akarudi ndani kuchekwa.

Hapo, mwanangu, ndipo kosa lilipoisha na aibu ikaanza. Nilisema nitawaambia baada ya harusi. Harusi ikapita, Mzee hakuizuia. Nikasema baada ya mtoto. Neema akazaliwa. Nikamaliza ile shule ya jioni, nikavaa joho, nikapiga picha, watu wakaniita msomi. Na kila mkutano wa Wakenya, kila harusi, kila ubatizo wa mtoto wa fulani, lazima mtu angesema, "Ficheni chupa, baba mkwe wa Zeki asije akasikia!" Walimpa hata jina: Mzee Chupa Yangu. Nami nilicheka. Sikucheka kidogo, nilicheka kuliko wote, nikaongezea na za kwangu, maana mimi ndiye fundi wa kutia chumvi. Wanjiru angeinuka kwenda jikoni. Jumapili alipompigia baba yake simu, ningesalimia haraka, "Shikamoo Baba, hali ya huko?" na kumrudishia simu kama inaniunguza.

Miaka tisa. Kisha Mzee Njoroge akafa Kangema, usingizini.

Tulifanya maombi ya kumkumbuka hapa Landover, katika ukumbi wa kanisa. Mtu mmoja mwema, asiye na ubaya wowote, akasimama kusema neno. "Marehemu alikuwa mtu wa Mungu," akasema, "ila chupa yake usiguse!" Watu wakacheka kile kicheko cha matanga, cha kupunguza uzito. Nami, kwa mazoea, nikacheka.

Nikajisikia nikicheka.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nilisema yote: wembe, Dido, sufuria, asali, gundi. Hakuna aliyecheka. Mzee Barasa, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alivua kofia yake, akaiweka magotini. Nilitarajia anilaani. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilimcheka. Miaka yote hii nilimcheka." Akalia, mtu wa miaka themanini, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mwaka ule mzima hakuja kwangu, na sikumlaumu.

Wanjiru alingoja tufike nyumbani na injini ya gari izimwe.

"Kila Jumapili aliniuliza," akasema. "Ukishanirudishia simu. 'Ezekieli ameshawaambia?' Nami namjibu, 'Bado, Baba.'"

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema, 'Basi tungoje.'"

Mwanangu, sikusimulii haya ili uiogope chupa. Kama dini yako inakukataza, shika dini yako, kama Sudi, ambaye siku ile alikuwa na akili kuliko sisi wote kwa soda moja. Kama hukatazwi, na umefika umri, kunywa kama Mzee Barasa alivyonifundisha: bilauri moja, matone matatu, subira nyingi, na usinywe kamwe ili uonekane. Kilichofungwa kwa ajili ya mwenzako usikifungue, kiwe chupa, kiwe barua, kiwe siri ya mtu.

Na ukikosa, kwa maana utakosa, sema siku hiyohiyo. Wiski ikikaa pipani huiva. Kosa likikaa moyoni huchacha, na harufu yake huwafikia watu wasio na hatia. Usidanganyike kwamba aliyekustahi amesahau. Huenda amekaa mahali fulani, kila Jumapili, anauliza kama umeshasema. Mpigie wakati bado anaweza kupokea simu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mzito wa kujisifu. Akupe wakwe wenye moyo mpana, na akukinge usije ukauegemea upana huo hadi ukavunjika. Chochote utakachompa mzee kwa mikono miwili, na kiwe kilekile ulichokitaja. Amina, mwanangu. Nenda salama.